Joto la Safu ya Nyuma

Ofisini, ghorofa ya pili,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Kwako Baba mpenzi,

Shikamoo, Baba. Natumaini bahasha hii itakukuta barazani, miguu umeinyoosha, redio inazungumza na wewe unabishana nayo. Mama aliniambia bega la kushoto limekusumbua tena wiki iliyopita, hata kuvaa shati ni mpaka akusaidie. Pole sana. Lipake ile dawa, na uache ubishi wa kubeba ndoo. Sisi huku hatujambo. Mkweo anakusalimu. Mjukuu wako ameota meno mawili ya mbele na sasa anamuuma kila anayemkaribia, tabia ambayo mkweo anasema mtoto ameirithi upande wa kwetu.

Najua umeigeuzageuza bahasha kabla ya kuifungua, ukijiuliza ni nani siku hizi anaandika barua. Ni mimi, na nimeandika kwa sababu umenifungia njia nyingine zote. Tangu siku ile uliponikatia simu, kila nikipiga Mama ndiye anayepokea, na kila mara ananiambia uko bafuni. Asubuhi uko bafuni. Mchana uko bafuni. Katika ukoo wetu mzima hajawahi kutokea mtu msafi kama wewe. Nacheka Mama anaponiambia hivyo, lakini nikishaweka simu chini roho inaniuma. Mtu aliyetumia maisha yake kuwaunganisha watu wa mji mzima, leo hataki kuunganishwa na binti yake.

Kwa hiyo naomba uisome barua hii mpaka mwisho. Ukifika katikati hasira zikakupanda, iweke pembeni, kunywa maji, kisha uendelee. Kuna jambo nataka kukuomba, na siwezi kuliomba kabla sijakusimulia yaliyotokea tangu tugombane.

Ugomvi wenyewe unaujua, ila niueleze kwa upande wangu, maana siku ile hukunipa nafasi hata ya kumeza mate. Wakubwa wa kampuni walitoa agizo kwamba kila kituo kipunguze umeme kinaoutumia na dizeli kinayoichoma. Walisema kampuni yetu inachafua hewa kuliko watu wanavyodhani, na ni kweli. Mtu akishika simu yake ndogo mkononi haoni moshi wowote. Hajui kwamba nyuma ya ile simu kuna ukumbi kama wetu wenye mitambo inayonguruma kutwa kucha, na kwamba umeme ukikatika, jenereta ya uani inaamka na kuanza kukohoa masizi. Mimi, kwa kuwa ndiye mkuu wa kitengo cha umeme na ubaridi, niliulizwa tutaanzia wapi. Nilipofanya hesabu nikatoa macho. Viyoyozi vilikuwa vinakula umeme karibu sawa na mitambo yenyewe. Ndipo nikakupigia, nina furaha zangu, kama ninavyokupigia kila nikipata jambo la kazini, nikakuambia nataka kupandisha joto la ukumbi kutoka nyuzi kumi na nane hadi ishirini na sita.

Ukasema kwamba ulizaa mtoto, ukamlea, ukamfundisha kushika bisibisi kabla hajajua kushika kalamu, na sasa mtoto huyohuyo anataka kukuchomea nyumba ukiwa hai. Simu ikakatika. Nilisimama ofisini na ile simu sikioni kama zuzu.

Baba, sikuwahi kudhani hofu yako ni ya kijinga. Nilikuwa mdogo sana siku ile mji ulipokuwa bubu, lakini nimeisikia habari yake mezani mara nyingi hata najiona kama nilikuwepo. Siku ya jua kali viyoyozi vyote vilikufa kwa pamoja, joto likapanda, mitambo ikaanza kujizima mmoja baada ya mwingine, na simu za mji mzima zikanyamaza. Akaja mtu getini, simu mkononi, analia kwamba mke wake ana uchungu na hospitali haipatikani. Ukachukua baiskeli ya ofisi ukaenda kuita gari la wagonjwa wewe mwenyewe, na tai yako begani. Yule mama alijifungua salama. Ila wewe uliporudi ukaapa kwamba jambo lile halitatokea tena. Uliweka nyuzi kumi na nane, ukafunika swichi ya viyoyozi kwa kisanduku cha chuma, ukatia kufuli, na ufunguo ukauunga na funguo za nyumbani. Watu wakakuita Mzee Barafu. Kila aliyepangwa zamu ukumbini alikuja na sweta hata kama nje watu wanajipepea kwa magazeti. Na ulipostaafu walikukabidhi ile fremu iliyopo sebuleni, inayosema kwamba tangu siku ile hadi siku ya kuondoka kwako, mji haukunyamaza tena. Hakuna kitu nyumbani kwetu unachokipangusa mara nyingi kama ile fremu.

Kwa hiyo nilijua ninachokigusa. Lakini pia, Baba, mimi ni mtoto wako, na ukaidi sikuuokota njiani.

Mkuu wa mitambo alinipa ruhusa shingo upande. Alisema nijaribu, ila nivuke msimu mzima wa joto bila mtambo hata mmoja kuzimika. Ukizimika mmoja, viyoyozi vyote vinarudi, mpango unakufa, na mimi nahamishiwa ofisi ya vibali nikagonge mihuri mpaka nizeeke. Nikivuka salama, ataita wakuu wa vituo vingine vyote waje waone, na huenda nao wakafuata. Nikapiga moyo konde, nikakubali.

Tulianza na kitu ambacho hata wewe ungekubali. Tulikagua ukumbi mzima tukakuta mitambo iliyostaafu zamani lakini bado imechomekwa ukutani, inakula umeme, inatoa joto, na haifanyi kazi yoyote. Usininunie, sikusemi wewe. Wewe angalau unamwagilia bustani. Kila mtu alikuwa anaogopa kuizima kwa sababu hakuna aliyejua kwa hakika inafanya nini. Fundi wetu wa viyoyozi, ambaye sote tunamwita Bwana Gesi, akashauri tuizime mmoja mmoja tusikilize nani atalalamika. Tukazima. Mji ukaendelea kuzungumza kama kawaida. Mlalamikaji akawa mmoja tu, mlinzi wetu wa getini, kumbe alikuwa amechomeka waya nyuma ya mtambo mmojawapo na anachajia simu yake humo.

Huyo Bwana Gesi mwenyewe hakuwa upande wangu mwanzoni. Aliniambia waziwazi kwamba ninamwaga unga wake, kwa sababu fundi wa viyoyozi bila viyoyozi ni mtu wa kukaa kivulini akihesabu magari. Sikumlaumu. Nilimwambia vitakavyobaki vitahitaji kutunzwa kuliko zamani, maana havitakuwa na wenzao wa kuvibebea mzigo, na nikamkabidhi vipimo vyote vya joto vya ukumbi. Na vile viyoyozi tulivyoviondoa, alitoa gesi yake taratibu akaihifadhi kwenye mitungi. Zamani walikuwa wanaiachia tu uani ikapotea zake hewani, na gesi ile, Baba, inaliharibu anga vibaya kuliko hata moshi wa jenereta. Siku hizi ukimkuta fundi mwingine anaiachia, Bwana Gesi anamsomea hotuba mpaka mtu anaomba radhi.

Baada ya hapo tukagusa safu za mitambo, na hapa nakuomba unywe yale maji. Unakumbuka ulivyokuwa unawaambia wageni kwamba mitambo yako ina adabu, haimpi mgeni mgongo? Makabati yote yalitazama mlangoni ili mtu akiingia aone taa zinavyomeremeta. Ni kweli yalipendeza. Mimi mwenyewe, ulipokuwa unanileta nikiwa mtoto, nilidhani ni mji mdogo uliowashwa taa. Lakini mtambo unavuta hewa kwa mbele na kutoa joto kwa nyuma. Ukipanga safu zote zikatazama upande mmoja, safu ya kwanza inaipumulia ya pili usoni, ya pili inaipumulia ya tatu, na ya mwisho inavuta joto la wote, kama watu waliobanana kwenye foleni. Tulikuwa tunabadilisha mitambo ya zamani kwa mipya hata hivyo, kwa hiyo kila safu ilipobadilishwa tuliigeuza. Sasa zinatazamana uso kwa uso na kupeana mgongo kwa mgongo. Kwenye njia za uso tunapeleka hewa baridi, na njia za mgongo zinatoa joto mpaka juu, linatolewa nje na feni. Kwenye miisho ya njia tumetundika mapazia mazito ya plastiki, kama yale ya milango ya bucha kubwa, ili baridi na joto visichanganyike. Mgeni akiingia siku hizi anakutana na ubavu wa makabati. Hakuna anayemeremetewa na taa.

Hapo ndipo nilipofungua kisanduku chako cha chuma. Ufunguo ulikuwa kwa aliyekurithi, akanipa bila neno. Nilipandisha joto kidogo kidogo, wiki hadi wiki, na kila tulipopandisha tulizima kiyoyozi kingine. Viwili, vitatu, vinne. Kati ya vinane vya enzi zako vinafanya kazi vitatu, na kimoja cha akiba kimelala.

Sikudanganyi, roho ilikuwa juu. Mchana mmoja katikati ya msimu wa joto umeme ulikatika, na king'ora cha ukumbi kikalia. Joto la safu moja lilikuwa linapanda mbele ya macho yangu. Nilikimbia kwenye ngazi na viatu mkononi, jasho linanitoka, nasikia ile sauti yako ya nyumba kuungua. Bwana Gesi alinikuta katikati ya ukumbi naangaza macho tu. Yeye ndiye aliyeona kwamba mtu wa rangi aliyekuwa anapaka dari alikuwa ameegemeza ngazi yake kwenye pazia, na pazia limebaki wazi, hewa ya moto inarudi upande wa uso. Tukaitoa ngazi, tukafunga pazia, tukasimama tunatazama kipimo kama watu wanaosubiri maziwa yachemke, ila sisi tulitaka yapoe. Yakapoa. Hakuna mtambo uliozimika. Yule mtu wa rangi alipewa maneno yake, na sasa kwenye kila pazia kuna karatasi nyekundu inayokataza ngazi.

Msimu wa joto ukaisha, Baba. Tumeuvuka. Umeme wa ukumbi umepungua karibu theluthi. Kwa kuwa mzigo ni mdogo, umeme ukikatika betri zinatubeba muda mrefu, na mara nyingi umeme unarudi kabla jenereta haijaamka. Lori la dizeli lililokuwa linaziba uchochoro wetu kila mara, sasa dereva wake akija analalamika kwamba tumemsahau. Yule mama fundi cherehani wa nyuma ya ukuta, ambaye nguo nyeupe za wateja alikuwa anaziingiza ndani jenereta ikiwaka ili zisipate masizi, alikuja ofisini kuuliza kama jenereta yetu imekufa. Nikamwambia ni nzima, inapumzika tu. Akasema basi ipumzike moja kwa moja. Na mkuu wa mitambo amekubali tuweke paneli za sola juu ya paa, jambo ambalo zamani lilikuwa kichekesho, kwa sababu mzigo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba paa zima lisingetosha hata viyoyozi.

Ningeweza kuishia hapa nikakusalimia na kufunga bahasha. Lakini nilikuambia nina jambo, na sasa nalifikia. Naandika polepole kwa sababu naliogopa.

Wakuu wa vituo vingine walikuja kama nilivyoahidiwa. Niliwazungusha, nikawaonyesha mapazia na vipimo, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Tulipoketi, mama mmoja mkali, anayesimamia kituo kikubwa kuliko vyote, akasema anafurahi kwa ajili yetu lakini yeye hatafuata. Alisema msimu mmoja si ushahidi. Mtambo unaweza kuvumilia joto mwaka wa kwanza na kuharibika mwaka wa nne, na yeye hawezi kuucheza mji wake kama kamari. Kisha akaniuliza kama kuna kituo chochote katika kampuni yetu ambacho kimewahi kukaa na joto kama hili miaka mingi, mitambo ikabaki salama. Akisikia kimoja tu, alisema, atazima viyoyozi vyake wiki hiyohiyo. Wenzake wote wakaunga mkono. Mkuu wa mitambo akanitazama.

Nilikuwa na jibu, Baba. Nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza. Nikasema nitalitafuta. Wakanipa mpaka kikao kijacho.

Jibu lenyewe nililipata kabla hata hatujaanza kazi, siku ya kupima ukumbi kama ulivyokuwa. Tulibandika vipimajoto vidogo kwenye kila safu ili tujue tunaanzia wapi. Kile kipimajoto chako kikubwa cha ukutani, juu ya meza ya zamu, kilikuwa kinasema kumi na nane, kama kilivyosema siku zote. Vya safu ya nyuma vilisema ishirini na saba. Nilidhani ni vibovu. Nikabadilisha, vikasema vilevile. Bwana Gesi akabandika vingine, vikasema vilevile. Basi nikaenda nikakaa kwenye kiti chako, nikainua macho. Mdomo wa kiyoyozi kikubwa uko juu ya kile kipimajoto hasa. Ulikitundika kipimajoto pale ili ukione bila kuiacha meza, na ni jambo ambalo mtu yeyote mwenye kujali kazi angelifanya. Lakini pale kilikuwa kinapima pumzi ya kiyoyozi peke yake. Baridi yote ilikuwa inashuka juu ya ile meza, inatambaa sakafuni na kutokea mlangoni. Huko nyuma haikufika kamwe. Mitambo hujipima yenyewe na kukumbuka, kwa hiyo niliiuliza, na ya safu ya nyuma ikanirudisha mpaka enzi zako. Miaka yote ile uliyokuwa umefunga kufuli kulinda kumi na nane, ilikuwa inaishi kwenye ishirini na saba.

Nilibaki nimekaa. Baridi ilikuwa inaniangukia begani, bega la kushoto, Baba, kwa sababu ndivyo kiti kilivyokaa. Nikaelewa ni nani aliyekuwa anapozwa na vile viyoyozi vinane miaka yote. Nililia. Bwana Gesi aliinama chini ya meza akajifanya anatafuta bisibisi, na bisibisi ilikuwa mfukoni mwake. Ni yeye peke yake anayejua, na ameapa kwamba hata mkewe hajamwambia.

Nimelibeba jambo hili msimu mzima. Kila nilipopiga simu ukawa bafuni, nusu ya moyo wangu ilishukuru, kwa sababu nilikuwa sijui nitalisemaje. Niliiona akilini ile fremu ya sebuleni. Niliwasikia humohumo akilini wenzako wa zamani wakicheka kwamba kumbe Mzee Barafu alikuwa analinda kipimajoto. Nikasema bora yule mama mkali abaki na viyoyozi vyake kuliko mtu akucheke.

Lakini nimelifikiria kwa upande mwingine pia, na huu nao nakuomba uusikilize. Ile fremu haijasema uongo. Mji haukunyamaza tena, na hilo ni kweli. Ila haukulindwa na baridi. Nani alikuwa anafungua kila kabati kila wiki akifuta vumbi kwa brashi ya rangi? Nani alikuwa anapita safu kwa safu na sikio limeegemea mlango, akisikiliza feni inayochoka kabla haijasimama? Nilikuwa nakufuata nyuma nikiwa na sare ya shule, na kule nyuma ulikuwa unavua sweta. Nakumbuka ulilivua ukanipa nikushikie. Mwili wako ulijua kuna joto, Baba, wewe tu ndiye hukuuamini. Mitambo ile iliishi kwa sababu ya mikono yako, katika joto ambalo wakuu wote wale wanaliogopa. Hakuna mtu mwingine katika kampuni hii aliyewahi kufanya hivyo kwa miaka mingi namna ile. Swali la yule mama lina mtu mmoja tu wa kulijibu.

Ombi langu ni hili. Sitalisema jambo hili bila ruhusa yako, na hata ukinipa ruhusa sitaki nilisemee mimi. Nataka uje uliseme wewe. Kikao ni Alhamisi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, ukumbi wa chini usio na ngazi. Mkweo atakufuata kwa gari. Ukikataa, sitakulaumu wala sitakuuliza tena. Nitawaambia nimetafuta sikupata, na sitalijutia neno hilo, ingawa nisikufiche kwamba vituo vyote vile vitaendelea kuchoma dizeli kama sisi zamani. Ukikubali, huna haja ya kunipigia wala kuniandikia. Njoo tu.

Msalimie sana Mama, mwambie kitambaa alichoniagiza nimekipata, rangi ile ile. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia. Mjukuu wako anakubusu, na meno yake nimeyafunga mdomo kwa leo.

Kiti chako nitakiweka mbele, pembeni yangu. Yule mama akiuliza swali lake tena, mimi nitanyamaza kama nilivyonyamaza mara ya kwanza, ila safari hii nitageuka nikutazame wewe.

Nakupenda sana, Baba.

Ni mimi,
kifungua mimba wako.